Kasisi Aliyewaachia Mbwa Jina Lake

Msomaji aliyezoea kukuta hapa habari za malenga na masheikh wa mwambao, leo aniwie radhi. Nataka kumsimulia maisha ya kasisi mmoja wa Kiingereza aliyekufa mwaka 1883, na maisha yake hayasimuliki pasipo kutaja mbwa. Kisa chenyewe kilinianzia Kericho.

Nilikwenda huko kumtazama mtoto wa ami yangu, aliyeajiriwa katika kiwanda cha chai. Kwa sisi tuliolelewa na minazi na joto la bahari, ile ni nchi nyingine kabisa. Vilima vyote vimefunikwa na michai, mvua hunyesha alasiri baada ya alasiri, na usiku mtu hujifunika mablanketi mawili na bado akatetemeka. Jioni moja tulialikwa kwa jirani yake, mzee wa Kikipsigis aliyestaafu unyapara wa shamba. Ndio kwanza nimekaa, kanzu yangu nyeupe pe, kikachomoka chini ya kochi kijibwa cheupe chenye baka la hudhurungi jichoni, kikanirukia magotini, kikanilamba mkono na kanzu.

Mwenyeji wetu alifadhaika kuliko mimi. Sisi wafuasi wa Imamu Shafi twaijua hukumu yake: kuosha mara saba, na mojawapo iwe kwa udongo. Wenzetu wa madhehebu ya Imamu Malik hawalioni jambo hili kwa uzito huo, lakini mimi sikusomeshwa chuoni kwa Imamu Malik. Nikaomba maji na udongo. Mama mwenye nyumba akaenda uani, akachota ule udongo mwekundu wa shambani akauleta katika sahani, na watoto wakasimama mlangoni kumtazama mtu mzima akiipaka matope kanzu yake mwenyewe. Twahara niliipata, ile rangi nyekundu haijatoka mpaka leo.

Nilipomaliza, mzee, nadhani kwa kutaka kunipoza, akanieleza kwamba Simba wake (ndilo jina la kile kijibwa kisichofika goti) si mbwa koko. Ni wa aina iitwayo Jack Russell, na bibi yake aliachwa na meneja wa Kizungu aliyerejea kwao. Kisha akaongeza kwamba huyo Jack Russell alikuwa mtu wa dini. Hapo nikaisahau kanzu. Mtu wa dini jina lake lije livaliwe na mbwa? Niliporudi Mombasa nikatafuta vitabu.

Jina lake hasa ni John Russell. Jack ni jina la utani ambalo Waingereza humwitia John. Alizaliwa tarehe 21 Desemba 1795 katika mji wa Dartmouth, jimbo la Devon, kusini-magharibi mwa Uingereza. Babake naye alikuwa kasisi, tena mpenda uwindaji, kwa hiyo mtoto hakuyatoa mbali. Alipokuwa mwanafunzi katika shule ya Blundell's mjini Tiverton, yeye na mwenzake walifuga mbwa wa kuwindia kwa siri. Siri ikafichuka, mwenzake akafukuzwa, yeye akaponea chupuchupu. Kutoka hapo akaenda Chuo Kikuu cha Oxford.

Inasimuliwa kwamba siku moja ya Mei mwaka 1819, mitihani yake ikikaribia, alitoka kutembea kuelekea kitongoji cha Marston, kitabu mkononi. Njiani akakutana na muuza maziwa aliyefuatana na mbwa jike mdogo. Russell hakuondoka pale mpaka amemnunua. Mbwa huyo, aliyeitwa Trump, alikuwa mweupe, mwenye baka la hudhurungi juu ya kila jicho na sikio, na doa lisilozidi ukubwa wa peni penye shina la mkia. Picha yake ya rangi ilikuja kutundikwa Sandringham, katika jumba la wafalme wa Uingereza. 

Hapa yafaa nieleze kazi ya mbwa hao, maana wengi wetu twawajua wale wa majalalani tu. Terrier ni neno lililotokana na jina la ardhi kwa Kifaransa, yaani ni mbwa wa kuingia ardhini. Katika uwindaji wa Kiingereza mbwa wakubwa humkimbiza mbweha mwekundu, na wapanda farasi huwafuata nyuma. Mbweha akichoka hujitosa shimoni, wasikoweza kuingia wale wakubwa. Ndipo atiwapo yule mdogo. Yampasa awe na kifua chembamba, kiasi cha mtu kuweza kukizunguka kwa viganja vyake viwili, miguu ya kutosha kukimbia sambamba na farasi, na moyo wa kumkabili mnyama mwenye meno katika giza. Weupe wake si pambo. Ni ili mwindaji asije akamdhania mbweha wakati wanapotoka shimoni wote wawili wametapakaa udongo.

Na Russell alikuwa na sharti moja lililonivutia zaidi ya yote. Hakumtaka mbwa muuaji. Kazi ya mbwa wake ilikuwa kubweka na kumsumbua mbweha mpaka atoke, na inasemekana alijisifu kwamba wa kwake hawakuonja damu. Aliyesoma fikihi atalitambua jambo hilo mara moja. Katika sheria yetu, windo la mbwa aliyefundishwa ni halali iwapo alitumwa kwa jina la Mwenyezi Mungu, na iwapo alimkamatia bwana wake, hakujilia mwenyewe. Akila, basi amejiwindia. Kasisi yule hakuwa na habari ya vitabu vyetu, na mbweha wake hakuwa wa kuliwa, lakini katika kumpima mbwa walikutana.

Alipata ushemasi mwaka 1819 na ukasisi mwaka 1820, akaanzia kijiji cha George Nympton, ambako aliwinda fisimaji mitoni. Mwaka 1826 alimwoa Penelope Bury, binti wa admirali, mwanamke aliyependa farasi na mbwa kama mumewe. Kisha, mapema katika miaka ya 1830, akapewa kanisa la Swimbridge, na hapo akakaa zaidi ya miaka 45.

Askofu wake, Henry Phillpotts wa Exeter, hakupendezwa. Alimwita mara kadhaa kumtaka aache kuwinda, akimtuhumu kuzembea kazi ya kanisa. Moja ya tuhuma hizo yasemekana ilikuwa nzito: kwamba alikataa kumzika mtoto siku ya Jumatano kwa kuwa ilikuwa siku ya mawindo. Russell akamleta mama wa mtoto akanushe mwenyewe. Nimelifikiri sana jambo hilo. Mtu wa dini hutazamwa na jicho kali kuliko wengine, na pengine ni haki yao watu kumtazama hivyo. Lakini mambo mawili yameandikwa juu yake: kwamba ibada za Swimbridge aliziongeza badala ya kuzipunguza, na kwamba maskini wa kule walimpenda. Kuwinda hakuacha.

Kilichomponza ni fedha. Kufuga farasi na kundi la mbwa ni gharama, na mshahara wa kijiji ni mshahara wa kijiji. Zaidi ya mara moja ilimlazimu kuuza mbwa wake kwa ajili ya madeni. Kwa hiyo wanaodai leo kwamba mbwa wao ametoka moja kwa moja kwa Trump, wanadai wasiloweza kulithibitisha. Sisi wa pwani twajua habari za shajara za nasaba, jinsi zinavyorefuka kila zinaponakiliwa.

Mwaka 1873 chama cha wafuga mbwa wa Uingereza kilipoundwa, naye akawa miongoni mwa wanachama wa mwanzo. Hata alikaa kuwa mwamuzi katika maonyesho yao. Mbwa wake mwenyewe hakuwapeleka. Wale wa maonyesho aliwafananisha na waridi la bustanini, wa kwake na la mwituni. Uzeeni alipata kuwa mgeni wa mwana wa Malkia Victoria, yule aliyekuja kuwa Mfalme Edward wa Saba, huko Sandringham. Mkewe alifariki mwaka 1875. Mzee akabaki na deni na mbwa, mpaka akakubali kuhamia kanisa la Black Torrington lenye mapato bora. Hakukaa sana. Alifariki tarehe 28 Aprili 1883, akiwa na umri wa miaka 87, akarudishwa Swimbridge kuzikwa.

Baada yake, bwana mmoja aitwaye Arthur Heinemann alikusanya mbwa wa namna ile na kuanzisha chama mwaka 1894, cha kuwinda melesi, mnyama mwingine wa mashimoni. Chama kikuu cha wafuga mbwa kiliwakawiza: mbwa wa miguu mirefu aliandikwa daftarini mwaka 1990 kwa jina la kasisi, na yule mfupi, aliye kama Simba wa Kericho, akangoja mpaka mwaka 2016. Katikati hapo, kwa sheria ya mwaka 2004 iliyoanza kutumika Februari 2005, kumwinda mbweha kwa kundi la mbwa kukapigwa marufuku katika Uingereza na Wales. Kule Swimbridge jina la kasisi limetiwa hata kwenye kilabu cha pombe.

Asubuhi ya kuondoka Kericho nilipita kumuaga mzee. Alikuwa amemfunga Simba kamba kwa ajili yangu, na mbwa ameshatafuna kiatu kimoja na nusu ya cha pili. Mzee akanieleza kwamba aina hii haifungiki: asipokimbia kutwa, ataivunja nyumba. Humchana kwa brashi mara moja kwa wiki, humtoa kupe, na kila mwaka humpeleka kuchanjwa kichaa cha mbwa. Kwa malipo yake Simba huwafukua fuko bustanini. Nikasogea nyuma hatua kadhaa, nikaikusanya kanzu, nikamwomba amfungulie. Mbwa hakunitazama hata kidogo. Alishuka mbio mpaka kwenye mboga za mama, akatia kichwa katika tundu la fuko, na udongo mwekundu ukaanza kuruka nyuma yake.