Mary Leakey: Mtafiti aliyesoma vigae kabla ya mafuvu

WAKAZI wa Kajiado, kuanzia Mashuuru upande wa mashariki hadi Magadi upande wa magharibi, wanalifahamu jina la Leakey kwa sababu ya Olorgesailie. Ni huko, kando ya barabara ya Magadi, ambako Mary Leakey na mumewe Louis walikuta mwaka 1942 mashoka ya mawe yakiwa yametapakaa juu ya ardhi.

Hata hivyo, kabla ya mashoka hayo, na miaka mingi kabla ya mafuvu yaliyompa umaarufu duniani, mwanaakiolojia huyo alijishughulisha na kitu ambacho wengi hukikanyaga wakapita: vigae vya vyungu.

Mary Nicol alizaliwa London Februari 6, 1913, akiwa binti wa mchoraji. Baba yake alifariki mwaka 1926. Baadaye msichana huyo alifukuzwa katika shule mbili za watawa, wala hakupata cheti chochote. Alichokuwa nacho ni mkono wa kuchora, na mkono huo ndio uliomfungulia mlango. Alichora zana za mawe kwa ajili ya kitabu cha mtafiti Gertrude Caton-Thompson kuhusu Misri, naye Gertrude akamkutanisha na Louis mwaka 1933. Walioana Desemba 1936, na mwanzoni mwa mwaka uliofuata wakawasili Kenya.

Louis alikuwa ameshughulika na utafiti wa mila za Wagikuyu. Mary akaenda kuchimba Hyrax Hill, karibu na Nakuru, alikokuta makaburi na mabaki ya makazi ya kale. Mwaka 1938 wawili hao walichimba pango kando ya Mto Njoro, ambamo watu wapatao 80 walikuwa wamezikwa baada ya kuchomwa moto, pamoja na bakuli za mawe, shanga na vyungu. Vipimo vya baadaye viliyapa mazishi hayo umri wa takriban miaka 3,000.

Pangoni humo kulikuwa pia na kibuyu kilichogeuka makaa. Mfugaji wa Mashuuru ataelewa mara moja uzito wa jambo hilo. Kibuyu cha maziwa kikitupwa huoza na kutoweka. Kile cha Njoro kilisalimika kwa sababu kiliungua. Chungu hakihitaji bahati ya namna hiyo. Huvunjika kwa urahisi, lakini vipande vyake havifi.

Kazi ya kuvisoma vipande hivyo ni ya subira. Huoshwa na kupangwa: midomo peke yake, shingo peke yake, vitako peke yake. Mpindo wa kipande cha mdomo huonyesha upana wa chungu kizima. Kisha hufuata uchoraji, nusu moja ikionyesha unene wa ukuta na nusu ya pili nakshi za nje. Hapo ndipo msichana aliyefukuzwa shule alipokuwa mtaalamu.

Kazi yake kubwa katika fani hiyo ilitoka Nyanza. Kasisi Walter Edwin Owen, Mwanglikana aliyejulikana kwa kuwatetea Waafrika mbele ya serikali ya kikoloni, alikuwa amekusanya vigae Urewe na kwingineko katika eneo ambalo leo ni Siaya. Vyungu hivyo vilikuwa na midomo iliyokatwa kwa pembe, mistari sambamba iliyochorwa kwa ustadi, na kishimo kitakoni, kana kwamba mfinyanzi alibonyeza udongo kabla haujakauka.

Owen alifariki mwaka 1945, kabla ya taarifa kuchapishwa. Ilipotoka mwaka 1948, ilibeba majina matatu: la Mary, la Owen na la Louis. Heshima hiyo kwa marehemu ilikuwa ya haki, kwani bila macho yake vigae hivyo vingebaki ardhini.

Taarifa hiyo ilikuwa na uzito kuliko ukubwa wake. Enzi hizo wakoloni wengi waliihesabu historia ya Mwafrika kuanzia siku Mzungu alipofika. Vyungu vya Urewe vilionyesha mafundi wenye mtindo mmoja thabiti, na tarehe zilizopatikana baadaye kwa kupima kaboni zikawarudisha nyuma hadi karne za mwanzo baada ya Kristo, na mapema zaidi magharibi mwa Ziwa Victoria. Vyungu vya aina hiyo vilipatikana pia Uganda, Rwanda, Burundi na Buhaya nchini Tanzania. Watafiti wengi huvihusisha na wakulima na wafua chuma waliozungumza lugha za Kibantu.

Lakini mwaka huohuo wa 1948, katika kisiwa cha Rusinga, Mary aligundua fuvu la Proconsul, na magazeti ya ulimwengu yakageukia huko. Zikafuata Olduvai mwaka 1959 na nyayo za Laetoli katika miaka ya 1970. Vigae vikabaki kwa wataalamu, nao katika miaka ya 1960 wakavipa jina la Urewe, mahali vilipookotwa.

Mary Leakey alifariki Nairobi Desemba 9, 1996, akiwa na umri wa miaka 83.