John Walter Gregory na Matabaka ya Bonde la Ufa

John Walter Gregory alizaliwa London mwaka 1864. Aliacha shule akiwa na umri wa miaka 15, akawa karani katika biashara ya sufu, lakini jioni alihudhuria masomo ya sayansi. Juhudi hiyo ilimpatia kazi katika Jumba la Makumbusho la Uingereza mwaka 1887.

Mwaka 1893 alifika katika nchi ambayo sasa ni Kenya, akasafiri na wapagazi hadi Ziwa Baringo na Mlima Kenya. Wakati huo iliulizwa kama bonde lile kubwa lilichimbwa na maji au ardhi yenyewe ilititia. Eduard Suess wa Austria, ambaye hakuwa amefika huko, alikwisha kueleza mwaka 1891 kwamba ardhi ilipasuka. Gregory alitafuta ushahidi katika miamba. Mashapo hutandazwa yakiwa bapa. Basi, tabaka moja likionekana juu ya ukuta wa bonde, na lile lile likaonekana chini, hapana budi lilikatika baada ya kutandazwa. Ardhi ilivutwa, ikapasuka, na sehemu ya katikati ikashuka. Hayo aliyaeleza katika kitabu chake cha mwaka 1896.

Alikuwa profesa Melbourne, kisha Glasgow toka 1904 hadi 1929. Mwaka 1919 alirudi Kenya kuendelea na uchunguzi. Alikufa maji katika mto Urubamba, Peru, mwaka 1932, akiwa safarini kikazi.

Mwalimu wa Kawajense hana haja ya kwenda Baringo. Mkono wa magharibi wa Bonde la Ufa umeizunguka Mpanda kwa Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa, na tarehe 13 Desemba 1910 eneo la Rukwa lilipigwa na tetemeko kubwa. Mwalimu aweke karatasi mbili ngumu zilizopandana kidogo, atandaze juu yake matabaka ya mchanga na majivu, kisha awaulize wanafunzi nini kitatokea zikivutwa. Wakishatabiri, azivute polepole: katikati patatitia. Atandaze tena, asukume kutoka pande zote mbili, nao wataona mikunjo.

Mtoto aliyekariri jina la Bonde la Ufa hulisahau baada ya mtihani. Aliyeona matabaka yakikatika huelewa kwa nini ardhi ya kwao hutetemeka.