Charles Dotter, daktari aliyezibua njia bila kisu

Msikilizaji, leo daktari anaweza kuokoa figo kwa waya na mrija mwembamba, macho yake yakiwa kwenye skrini. Njia hiyo inatokana na kazi ya Charles Dotter.

Dotter alizaliwa mwaka 1920 mjini Boston, Marekani, akasomea udaktari na kubobea katika eksirei. Mwaka 1952, akiwa na miaka 32 tu, alikabidhiwa idara ya eksirei ya chuo cha udaktari mjini Portland, Oregon.

Enzi hizo daktari wa eksirei alipiga picha, na kutibu aliachiwa mpasuaji. Januari 16, 1964, Dotter alimhudumia bibi wa miaka 82. Mshipa wa damu wa pajani ulikuwa umebana na mguu umeanza kuoza. Madaktari walitaka kuukata, bibi akakataa katakata. Akiongozwa na picha za eksirei, Dotter alipenyeza waya kwenye mshipa, kisha mrija, na juu yake mrija mnene zaidi, hadi njia ikapanuka. Damu ikashuka, mguu ukapata joto. Bibi yule aliishi zaidi ya miaka miwili, akitembea kwa miguu yake mwenyewe.

Wapasuaji wengi nchini mwake walimbeza. Ulaya ndiko mbinu yake ilikoshika mizizi, na mwaka 1974 Andreas Grüntzig, akiwa Zürich, aliiboresha kwa puto. Dotter alipendekezwa kwa tuzo ya Nobel mwaka 1978, lakini hakuipata. Alifariki mwaka 1985.

Faida yake imefika mbali. Mgonjwa aliyeondolewa kibofu, mirija ya mkojo kutoka kwenye figo huunganishwa na kipande cha utumbo. Baada ya miezi au miaka, maungio yanaweza kubana, mkojo ukarudi nyuma na kuharibu figo. Zamani ilibidi tumbo lipasuliwe tena. Sasa daktari, akiongozwa na picha, hutoboa figo kupitia mgongoni, hutoa mkojo uliokwama, hupitisha waya, hupanua kwa puto na kuacha mrija. Wapo ambao njia hubana tena, na hao huenda wakahitaji kisu.

Kwa hiyo, kama wewe au ndugu yako alifanyiwa upasuaji huo, msikose kliniki, kwani kubana huko huweza kuja bila maumivu. Na akipata homa ya kutetemeka, maumivu ya kiunoni au mkojo kupungua, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo.