LORD RAYLEIGH (1842–1919): MWANASAYANSI ALIYEELEZA WEKUNDU WA MACHWEO

Ukisimama pwani ya Kendwa, kaskazini magharibi mwa Unguja, jua likikaribia kuchwa, utaona anga la buluu likigeuka manjano, kisha rangi ya chungwa, kisha jekundu. Aliyetoa sababu yake kwa hesabu ni Mwingereza John William Strutt, ajulikanaye zaidi kama Lord Rayleigh.

Alizaliwa tarehe 12 Novemba 1842 katika jimbo la Essex. Utotoni aliugua mara kwa mara, hata masomo yake yakakatizwa. Hata hivyo, mwaka 1865 aliongoza mtihani wa hisabati katika Chuo Kikuu cha Cambridge. Mwaka 1872 alipatwa na homa kali ya baridi yabisi. Alikwenda Misri kutafuta nafuu, na huko, akisafiri katika mto Nile, alianza kuandika kitabu chake maarufu kuhusu sauti.

Maelezo yake kuhusu rangi za anga aliyachapisha mwaka 1871. Nuru ya jua ni mchanganyiko wa rangi, na kila rangi ina urefu wake wa wimbi. Nuru ikikutana na chembe ndogo sana, hutawanyika, na mawimbi mafupi hutawanyika zaidi. Urefu wa wimbi ukiongezeka mara 2, mtawanyiko hupungua mara 16. Ndiyo maana buluu hutawanyika zaidi ya mara 4 kuliko nyekundu.

Mchana, buluu iliyotawanyika hutufikia kutoka kila upande wa anga. Jioni, nuru hupita katika hewa kwa mwendo mrefu zaidi. Sehemu kubwa ya buluu hutawanywa njiani, na inayotufikia moja kwa moja ni ya rangi ya chungwa na nyekundu.

Lakini chembe hizo ni zipi? Mwanzoni alidhani ni vijichembe vinavyoelea hewani. Hakuiacha hoja hiyo. Mwaka 1899, miaka 28 baadaye, alionyesha kwamba molekuli za hewa yenyewe zinatosha kutawanya nuru.

Kati ya 1879 na 1884 alikuwa profesa na mkuu wa Maabara ya Cavendish, akimrithi James Clerk Maxwell. Baadaye, yeye na William Ramsay waligundua gesi ya agoni. Kwa kupima uzito wa gesi kwa makini na kwa ugunduzi huo, alipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 1904. Watahiniwa wengi hukosea hapa: hakuipata kwa maelezo ya rangi za anga. Alifariki tarehe 30 Juni 1919.

Maswali
1. Kwa nini jua linapokuchwa Kendwa huonekana jekundu, ilhali saa sita mchana anga ni la buluu?
2. Rayleigh alirekebisha nini mwaka 1899, na jambo hilo linatufunza nini kuhusu kazi ya mwanasayansi?