Bibi Titi Mohamed na Deni la Uhuru

Mtoto aliyezaliwa huku Uingereza akienda likizo Dar es Salaam, hakosi kupita Barabara ya Bibi Titi Mohamed. Iko katikati ya jiji, karibu na viwanja vya Mnazi Mmoja, na foleni yake humpa mtu nafasi ya kutosha kusoma kibao. Lakini ukimuuliza mtoto huyo Bibi Titi alikuwa nani, mara nyingi atakutazama tu. Mzazi naye atajibu kwa kifupi kwamba alipigania Uhuru. Jibu hilo ni la kweli, ila limeacha mengi. Katika maisha ya mama huyu yamo mambo ambayo jamii zetu zinahangaika nayo mpaka leo: nafasi ya mwanamke, mali ya kiongozi, na jinsi nchi inavyomtendea mtu aliyeitumikia pale wanapotofautiana.

Titi binti Mohamed alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926. Tanganyika wakati huo ilikuwa chini ya Waingereza, waliokabidhiwa nchi hii baada ya Wajerumani kushindwa katika Vita Kuu ya Kwanza. Baba yake, mfanyabiashara Mwislamu, hakupenda binti yake asome shule ya serikali. Baba alipofariki, mama ndiye aliyempeleka. Akasoma miaka minne tu. Aliozwa akiwa bado msichana mdogo, akapata mtoto wa kike, kisha ndoa ile ikavunjika. Mpaka hapo maisha yake hayakuwa na tofauti kubwa na ya wasichana wengine wa mjini wa zama zile.

Kilichomtofautisha kilikuwa sauti. Titi aliimba. Alikuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba, na alijulikana pia kwa kusoma maulidi. Tusivichukulie vikundi vile kama mambo ya starehe tu. Wanawake walichangiana humo, wakazikana, wakatunzana kwenye harusi, wakashirikiana mwenzao akijifungua au akiugua. Na ndani yake walikaa pamoja Wazaramo, Wamatumbi, Wanyamwezi, Wamanyema wenye asili ya Kongo na wengine wengi, wote wakiongea Kiswahili. Yaani kabla chama chochote cha siasa hakijahubiri umoja wa makabila, wanawake wa Dar es Salaam walikwisha kuuishi.

TANU ilianzishwa tarehe 7 Julai 1954, na Mwalimu Julius Nyerere akiwa Rais wake. Viongozi wake walikuwa wanaume. Mwaka uliofuata alifika Dar es Salaam mgeni kutoka Chama cha Leba cha Uingereza, John Hatch. Katika mazungumzo aliuliza kuhusu tawi la wanawake. Tawi halikuwepo. Viongozi wakaangalia huku na huku nani angeweza kuwaita kina mama, na jina lililokuja likawa la yule mwimbaji wa Bomba. Basi mwaka 1955, akiwa na umri wa miaka 29, Titi akakabidhiwa uongozi wa wanawake wa TANU.

Fikiri kazi aliyopewa. Hakuwa na ofisi ya kutajika, mshahara wala gari. Wanawake wengi aliotakiwa kuwaandikisha hawakujua kusoma, na aliyeolewa hakuweza kwenda mkutanoni bila ruhusa ya mumewe. Serikali ya kikoloni nayo ilikuwa inatazama. Titi hakuanza kwa hotuba. Aliwaendea viongozi wa vikundi vya ngoma, akawaendea wapika pombe na wachuuzi, akapita nyumba kwa nyumba. Kila kiongozi wa ngoma aliyekubali alikuja na kikundi chake kizima. Katika miezi michache wanawake wapatao 5,000 walikuwa wamejiandikisha, idadi iliyowashangaza hata wanaume wa chama.

Mimi ni muuguzi, na njia hiyo naitambua. Sisi tunaofanya kazi ya afya ya jamii tunajua kwamba karatasi iliyochapwa vizuri na kubandikwa ukutani haimleti mama kliniki kama anavyomleta jirani anayemwamini. Mambo haya niliyasoma chuoni huku ughaibuni, kwenye vitabu vinene. Bibi Titi, mwenye miaka minne ya shule, aliyajua kutokana na maisha yake. Tunapowaambia watoto wetu wasome kwa bidii, na ni lazima tuwaambie, tuwaambie pia kwamba kuna akili nyingi kwa watu ambao shule haikuwafikia.

Kuanzia hapo alizunguka Tanganyika pamoja na Mwalimu, akipanda majukwaani na kusema mbele ya maelfu. Wanawake wakachanga fedha, wakapika, wakalaza wageni na kupeleka habari mtaa kwa mtaa. Hata mwanamume aliyeogopa kununua kadi alijikuta anaishi na mke aliyekwisha kununua. Tarehe 9 Desemba 1961 bendera ya Mwingereza iliposhuka, jina la Bibi Titi lilijulikana nchi nzima. Kwa watu wengi wa kawaida, viongozi wa Uhuru waliowafahamu kwa sura na kwa sauti walikuwa Nyerere na Titi.

Baada ya Uhuru alikuwa mbunge na waziri mdogo. Mwaka 1962 ulipoundwa Umoja wa Wanawake, UWT, akawa kiongozi wake wa kwanza. Lakini nchi huru ilihitaji watu wa mafaili, ripoti na Kiingereza, na hapo ndipo jambo gumu linaanza. Watu waliojaza viwanja wakati wa kudai hawakuwa lazima ndio waliokaa mezani wakati wa kupanga. Mwaka 1965 Bibi Titi alishindwa uchaguzi wa ubunge.

Kisha likaja Azimio la Arusha, Februari 1967. Pamoja na mengine, Azimio lilikataza kiongozi kuwa na mishahara miwili au zaidi, kumiliki hisa katika makampuni, au kuwa na nyumba za kupangisha. Bibi Titi alikuwa amejenga nyumba na kupangisha. Hakukubaliana na sharti hilo, akajiuzulu uongozi.

Hapa naomba tusimame kidogo, maana jambo hili linatugusa. Ni wangapi kati yetu humu tunatuma fedha kila mwezi kujenga nyumba ya kupangisha Mbagala, Kibaha au Tanga? Tunafanya hivyo kwa sababu hatuna uhakika wa uzee wetu. Mwanamke wa zama za Titi, asiye na cheti wala pensheni, ambaye talaka ingemtoa nyumbani siku yoyote, alikuwa na sababu kubwa kuliko zetu ya kutaka paa lake mwenyewe na wapangaji wawili watatu. Kwa upande wa pili, Mwalimu naye hakukosa hoja. Nchi ilikuwa changa na maskini. Aliona viongozi wameanza kujitajirisha, na akahofia kwamba mkoloni aliyeondoka ataachia nafasi yake kwa bwana mwingine mweusi. Leo tukisoma habari za rushwa na viongozi wenye majumba yasiyoelezeka, tunaona hofu hiyo haikuwa ya bure.

Kwa hiyo watoto wetu wakituuliza nani alikuwa sahihi, tusiharakishe kuwapa jina moja. Kanuni iliyotungwa kumzuia mkubwa asile jasho la wengine ilimbana pia mwanamke aliyejijengea kwa jasho lake. Watu wawili walioipenda nchi moja waliweza kutofautiana kabisa juu ya nyumba chache za kupangisha.

Yaliyofuata yalikuwa mazito zaidi. Mwaka 1969 Bibi Titi alikamatwa pamoja na aliyekuwa waziri, Michael Kamaliza, na maofisa kadhaa wa jeshi, wakituhumiwa kupanga kuipindua serikali. Oscar Kambona, waziri wa zamani aliyekuwa ameikimbia nchi mwaka 1967 na kuishi London, alitajwa kuwa kiongozi wa njama hiyo. Ilikuwa kesi ya kwanza ya uhaini tangu Uhuru. Bibi Titi aliyakana mashtaka. Mahakama ilimtia hatiani na kumhukumu kifungo cha maisha. Mwanamke aliyewaambia maelfu kwamba nchi ni yao akafungwa na nchi hiyo hiyo, akiwa katika miaka yake ya arobaini, rika nililo nalo mimi sasa.

Mwaka 1972 Rais Nyerere alimsamehe, akatoka gerezani. Alirudi katika maisha ya upweke. Ndoa yake ilikuwa imevunjika. Wengi waliokuwa wakimzunguka wakati wa heshima walijitenga naye, kwa hofu au kwa aibu. Jina lake likanyamaza kwa miaka mingi. Watoto wa shule walisoma historia ya TANU bila kumsikia sana. Sisi tunaohudumia wagonjwa tunajua kwamba kuna maumivu yasiyoonekana kwenye kipimo chochote, na moja ni kuachwa na watu ambao jana walikuita mama.

Polepole mambo yakageuka. Nchi ilipotimiza miaka 30 ya Uhuru mwaka 1991, gazeti la chama tawala lilimtaja tena kuwa shujaa wa Uhuru. Barabara kubwa ya Dar es Salaam ikapewa jina lake. Kwa sifa zake ni kwamba hakutoka gerezani na kuhubiri chuki. Alisimulia aliyoyatenda na wenzake, na kwa simulizi hizo watafiti waliweza kuandika upya sehemu ya wanawake katika historia yetu.

Mwalimu Nyerere alifariki tarehe 14 Oktoba 1999 katika hospitali moja ya London. Bibi Titi alimfuata tarehe 5 Novemba 2000, katika hospitali ya Johannesburg. Wote wawili, waliotembea Tanganyika pamoja wakidai nchi, walikata roho ugenini mikononi mwa wauguzi wa nchi nyingine. Sisi tunaoishi mbali, ambao kila msiba tunachangishana kusafirisha mwili, tunaelewa uzito wa jambo hilo bila kuelezwa.

Tunajifunza nini basi, mbali na kusikitika? Kwanza, tuangalie mambo yetu wenyewe. Katika jumuiya zetu za ughaibuni, pilau ya sherehe inapikwa na nani? Nani anapiga simu mgonjwa akilazwa, nani anazungusha daftari la rambirambi, nani anafundisha watoto Kiswahili Jumamosi? Halafu tuangalie meza kuu wanakaa nani. Ikiwa majibu hayafanani, bado tunafanya yale yale ya 1955: tunawaita kina mama panapotakiwa watu wengi, tunawasahau panapogawanywa maamuzi. Hilo halihitaji serikali kulirekebisha. Linahitaji uchaguzi wetu ujao wa kamati.

Pili, tujifunze kutofautiana bila kufutana. Kwenye makundi yetu ya simu, mtu akisema neno moja la siasa ya nyumbani tofauti na letu, tunamwondoa, tunaacha kumsalimia, hata msibani kwake hatuendi. Nchi yetu ilimfuta Bibi Titi kwa miaka mingi, na mwishowe ilibidi imrudishe, kwa sababu bila yeye hesabu ya Uhuru haikamiliki. Afadhali sisi tusifutane tangu mwanzo.

Tatu, na hili nawaambia watoto na vijana wetu. Siku moja keti na bibi yako, au mpigie simu kama yuko Tanzania, umuulize mama yake alikuwa kikundi gani cha ngoma, alichangia nini, aliwahi kumwona Bibi Titi au kumsikia. Andika majibu kwa Kiswahili, hata kama kina makosa. Wanawake wale 5,000 wa kwanza hawana barabara zenye majina yao. Baadhi yao huenda ni mababu zako wa kike, na wewe ndiye umebaki wa kuwaandika.

Nawatakia nyote sikukuu njema ya Uhuru. Mungu ibariki Tanzania, na awabariki wanawe popote walipo.