John Naka: Mtu aliyelea msitu ndani ya chungu

Msikilizaji, kuna miti yenye umri wa miaka mingi ambayo kimo chake hakimfikii mtoto wa shule. Inaishi kwenye chungu. Wajapani huiita bonsai. Si mbegu ya pekee: ni mti wa kawaida unaopunguzwa mizizi na matawi kila mara, ukipewa udongo kidogo. Nchini Marekani, mmoja wa walimu wakubwa wa kazi hii alikuwa John Naka.

Naka alizaliwa tarehe 16 Agosti 1914 huko Fort Lupton, jimbo la Colorado, Marekani, kwa wazazi waliotoka Japani. Alipokuwa na miaka 8 familia ilirudi Japani, na huko babu yake akamfundisha kulea miti. Mwaka 1935 alirejea Colorado akawa mkulima. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, serikali iliwaondoa kwa nguvu watu wa asili ya Japani walioishi California na kuwafungia kambini. Naka, akiwa Colorado, hakuguswa na amri hiyo. Mwaka 1946 alihamia Los Angeles, na mwaka 1950 yeye na marafiki wanne wakaanzisha chama cha bonsai.

Naka hakung'ang'ania miti ya Japani. Aliingia jangwani California akachimba mireteni ya porini, vichaka vigumu ambavyo ni ndugu wa mtarakwa wetu, unaoitwa pia mwangati. Upepo na ukame vilikuwa vimeshavipinda na kuvizeesha.

Kuchimba kichaka kizee ndipo penye hatari. Ukikata mizizi mingi, kinakufa. Mizizi minene inayokwenda mbali hukatwa, lakini ile myembamba iliyo karibu na shina hulindwa, kwa kuwa ndiyo inayonyonya maji. Hufungwa kwa kitambaa chenye unyevu isikauke njiani. Kisha kichaka hupandwa kwenye udongo wa changarawe usiotuamisha maji, na kuachwa mwaka mzima au zaidi. Hakipindwi wala kukatwa matawi mpaka kitoe machipukizi yenye nguvu. Baada ya hapo matawi hufungwa waya na kuinamishwa polepole. Mwenye haraka hubaki na kuni.

Naka mwenyewe aliionja hasara. Mwaka 1948 alianza kulea mireteni miwili ya bustanini. Kufikia 1964 aliipanga minne pamoja, kisha akaongeza mingine ikawa saba, mmoja kwa kila mjukuu. Baadhi ya miti ikadhoofika. Alitafuta chungu chenye kina zaidi na kinachopitisha maji vizuri, akaendelea. Wajukuu walipofika 11, miti nayo ikafika 11. Msitu huo aliuita Goshin, maana yake mlinzi wa roho. Mti mrefu kuliko yote una kama mita 1.2.

Ujuzi wake hakuuficha. Alitoa vitabu viwili vya mafunzo, mwaka 1973 na 1982, akasafiri nchi nyingi kufundisha, Afrika Kusini ikiwamo. Wanafunzi aliwahimiza watumie miti ya kwao na watazame jinsi inavyosimama porini, badala ya kuiga sura ya miti ya Japani.

Mwaka 1984 aliitoa Goshin iwe mali ya umma, katika bustani ya taifa ya miti mjini Washington. Mwaka 1992 Marekani ilimpa tuzo ya taifa ya wasanii wa sanaa za jadi.

John Naka alifariki tarehe 19 Mei 2004, akiwa na miaka 89. Goshin ingali hai. Watunzaji wa bustani huimwagilia na kuipunguza matawi, na kila mgeni anaweza kwenda kuitazama.