Amelia Earhart: Rubani aliyesikika hadi dakika za mwisho, lakini hakuonekana tena

Na Mwandishi Wetu

ASUBUHI ya Julai 2, 1937, mabaharia wa meli ya walinzi wa pwani wa Marekani, Itasca, walikuwa wakikodolea macho anga tupu katikati ya bahari ya Pasifiki. Ndani ya chumba cha redio cha meli hiyo sauti ya mwanamke ilikuwa ikiingia kwa nguvu, wazi kabisa, kiasi cha kuwafanya mafundi waamini kwamba ndege yake iko karibu mno. Lakini juu hapakuwa na kitu.

Mwanamke huyo alikuwa Amelia Earhart, rubani mashuhuri kuliko wanawake wote wa zama zake. Tangu siku hiyo hajaonekana tena, yeye wala mwenzake, wala ndege yao.

Mengi yamesemwa kuhusu kupotea kwake. Wapo waliodai kwamba alitekwa na Wajapani, na wapo waliodai kwamba alikuwa jasusi. Hata mwaka 2024 picha iliyopigwa chini ya bahari ilitangazwa kuwa huenda ni ndege yake, na kabla ya mwaka kwisha ikabainika kuwa ni mwamba tu. Hata hivyo, kwa msomaji anayepanda ndege Muscat au London kwenda kuwaona jamaa zake, jambo lenye faida zaidi si kujua ndege ile iliangukia wapi. Ni kujua kwa nini pande mbili zilizokuwa na redio zinazofanya kazi zilishindwa kukutana.

Amelia alizaliwa Julai 24, 1897 katika mji wa Atchison, jimbo la Kansas. Baba yake alikuwa mwanasheria aliyetawaliwa na ulevi, na familia ikawa ya kuhamahama. Mwaka 1918 msichana huyo alijitolea kuwahudumia majeruhi wa vita katika hospitali ya kijeshi mjini Toronto, Canada.

Desemba 1920, huko Long Beach, California, baba yake alilipa dola 10 ili binti apandishwe ndege kwa dakika 10 tu. Dakika hizo zilitosha. Mwezi uliofuata alianza kujifunza urubani kwa mwalimu mwanamke, Neta Snook, huku akifanya vibarua vya kila aina ili apate ada. Baadaye alinunua ndege ndogo ya rangi ya manjano, na mwaka 1923 akapata leseni ya kimataifa. Wanawake wa Marekani waliokuwa wameipata kabla yake walikuwa 15 tu.

Jina lake lilivuma mwaka 1928, alipokuwa mwanamke wa kwanza kuvuka bahari ya Atlantiki kwa ndege. Lakini safari hiyo ilirushwa na wanaume wawili, naye alikuwa abiria. Sifa zile zilimkera, kwani alijua hakuzifanyia kazi. Basi Mei 1932 aliondoka Harbour Grace, Newfoundland, peke yake, akapambana na barafu na hitilafu za vyombo, na baada ya karibu saa 15 akatua kwenye malisho ya ng'ombe karibu na Londonderry, Ireland ya Kaskazini. Safari hii hakuna aliyeweza kusema amebebwa. Januari 1935 alifanya jingine: alikuwa mtu wa kwanza kuruka peke yake kutoka Hawaii hadi bara la Marekani.

Ikumbukwe kwamba hizo zilikuwa nyakati ambapo mwanamke kushika usukani wa gari tu lilikuwa jambo la kutazamwa. Amelia alikuwa rais wa kwanza wa chama cha marubani wanawake kilichoanzishwa mwaka 1929, akahutubia miji mingi, na mwaka 1935 Chuo Kikuu cha Purdue kilimwajiri awe mshauri wa wanafunzi wa kike. Chuo hicho ndicho kilichomsaidia kupata ndege ya injini mbili aina ya Lockheed Electra, kwa nia ya kuizunguka dunia karibu na mstari wa Ikweta.

Jaribio la kwanza lilianza Machi 1937 kuelekea magharibi. Ndege ilifika Hawaii salama, lakini ilipokuwa ikiondoka Honolulu iliharibika vibaya kwenye njia ya kurukia. Ikabidi irudishwe California kwa meli ikatengenezwe.

Ajali hiyo iliacha pengo ambalo watu wachache walilitilia maanani. Katika msafara alikuwamo nahodha wa meli aliyeitwa Harry Manning, mtu hodari wa redio na wa lugha ya Morse, ile ya nukta na mistari. Likizo yake ilikuwa inakwisha, akarudi kazini. Amelia akabaki na Fred Noonan, aliyekuwa mwelekezi wa njia wa shirika la Pan American, bingwa wa kusoma jua na nyota. Lakini katika Morse, si Amelia wala Noonan aliyekuwa na ujuzi wa kutosha.

Juni 1, 1937 waliondoka Miami, safari hii wakielekea mashariki. Walipita Amerika ya Kusini, wakavuka Atlantiki, na Juni 7 wakaikaribia Senegal. Walikuwa wakienda Dakar lakini wakajikuta Saint-Louis, kaskazini yake. Haikuwa hasara kubwa, kwani pwani ya Afrika ni ndefu na anayeikosea hapa ataipata pale. Kesho yake wakaenda Dakar. Kisha wakakata bara letu kupitia Gao, Fort-Lamy (leo N'Djamena), El Fasher, Khartoum na Massawa, wakaruka kandokando ya Bara Arabu hadi Karachi. Mwishoni mwa Juni walikuwa Lae, New Guinea. Walikuwa wamemaliza kama kilomita 35,000, na zilizobaki zilikuwa karibu zote juu ya maji.

Julai 2, saa 4 asubuhi za Lae, Electra ilipaa ikiwa imejaa mafuta. Ilikuwa inakwenda kisiwa cha Howland, kilomita 4,113 mbele. Kisiwa hicho kina urefu wa kama kilomita 2 na upana usiofika kilomita moja, na hakiinuki juu ya bahari zaidi ya mita chache. Marekani ilikuwa imetengeneza uwanja pale kwa ajili yake. Hapa hapakuwa na Saint-Louis ya kumpokea aliyekosea Dakar.

Noonan angeweza kuwafikisha jirani kwa kupima jua na nyota. Kazi ya kumalizia safari iliachiwa redio. Juu ya ndege palikuwa na antena ya duara. Antena ya namna hiyo ikizungushwa, sauti ya kituo hupanda na kushuka, na pale sauti inapofifia ndipo rubani anapojua kituo kiko upande gani. Lakini hufanya kazi vizuri kwenye masafa ya chini. Itasca nayo ilikuwa na chombo cha kupima upande ndege iliko, iwapo ndege ingetuma mawimbi ya kilohezi 500 kwa muda wa kutosha.

Matatizo yalikuwa yamekwisha jipanga. Waya mrefu wa antena wa kutumia masafa hayo ya 500 ulikuwa umeachwa kabla ya ndege kuondoka Marekani. Amelia alitumia masafa ya kilohezi 3,105 na 6,210, ambayo chombo cha Itasca hakikuweza kuyapima. Kisiwani kulikuwa na chombo kingine cha kubebeka cha masafa ya juu, lakini betri zake ziliisha nguvu, na maneno ya Amelia yalikuwa mafupi mno kupimwa. Itasca ilimwita kwa sauti na kwa Morse. Hakujibu.

Saa 1:42 asubuhi, kwa saa za meli, alieleza kwamba anaamini yuko juu yao lakini hawaoni, na mafuta yanapungua. Muda mfupi baadaye aliomba watume mawimbi ya kilohezi 7,500. Walituma, na akawajulisha kwamba ameyasikia lakini ameshindwa kupata upande. Masafa hayo yalikuwa ya juu mno kwa antena yake. Hiyo ndiyo mara pekee alipothibitisha kuwasikia. Saa 2:43 alitaja mstari aliokuwa akiufuata, kaskazini na kusini. Jua la asubuhi lilikuwa limewapa mstari, lakini halikuwaambia wako sehemu gani ya mstari huo. Itasca ilikuwa ikifukiza moshi mweusi ili waione. Baada ya hapo, kimya.

Manowari na ndege za Marekani zilitafuta hadi Julai 19. Amelia alikuwa amebakiza majuma matatu kutimiza miaka 40. Januari 1939 mahakama ilimtangaza kuwa amefariki.

Uchungu wa habari hii ni kwamba vyombo havikukosekana duniani. Miaka ile ile Pan American ilikuwa ikivusha abiria bahari hiyo hiyo, kwa sababu ilijenga vituo vya redio Hawaii, Midway, Wake na Guam. Ndege ilituma Morse, kituo kikapima upande, kikamjibu rubani. Kila mmoja alijua mwenzake anatumia masafa gani. Amelia alikuwa na ushujaa usio na shaka na ndege nzuri. Alichokosa ni makubaliano yaliyojaribiwa kabla ya kupaa, na katika hilo lawama si yake peke yake.

Usafiri wa anga wa leo umejengwa juu ya makubaliano hayo. Mkataba uliotiwa saini Chicago Desemba 1944 ulifungua njia ya kanuni za kimataifa. Vikaenea vituo vya ardhini viitwavyo VOR, vinavyomwonyesha rubani yuko upande gani wa kituo, na DME, vinavyompa umbali. Mfumo wa ILS humwongoza hadi njia ya kurukia hata kwenye ukungu.

Kisha zikaja setilaiti. Ya kwanza ya mfumo wa GPS ilirushwa na Marekani mwaka 1978. Septemba 1983 ndege ya Korea ya Kusini iliyopotea njia ilitunguliwa na Urusi ya Kisovieti, watu 269 wakafa, na Rais Reagan akaahidi mfumo huo kwa ndege za kiraia. Ulikamilika mwaka 1995. Chombo ndani ya ndege hupokea mawimbi ya setilaiti zisizopungua nne, kila moja ikitaja saa yake kwa usahihi mkubwa, na kwa kulinganisha saa hizo hujua mahali kilipo kwa tofauti ya mita chache. Kwa chombo cha namna hiyo, Howland si sindano tena baharini.

Lakini tusilale. Tangu mwaka 2023 marubani wanaopita mashariki ya Mediterania, bahari Nyeusi na Baltiki wameripoti mara nyingi mawimbi ya GPS yaliyozibwa, au ya uongo yanayoionyesha ndege mahali isipo. Ndiyo maana Marekani, iliyopunguza vituo vyake vya VOR, haikuvifuta vyote. Setilaiti zikidanganya, lazima awepo wa ardhini wa kuulizwa.

Kisiwani Howland ulijengwa mnara wa kuongozea vyombo wenye jina la Amelia. Uwanja aliotengenezewa hakuwahi kuukanyaga. Sisi tunaosafiri kila mwaka kati ya ugenini na nyumbani, tukiinama kusinzia huku rubani akijua alipo kila dakika, tunafaidi somo ambalo mwanamama huyo alililipia kwa roho yake: kusikika peke yake hakutoshi. Sharti anayekusikia aweze pia kukujibu.